Kaseti za Uvunguni: Ushauri kwa Anayeanza Kukusanya Gemu za Zamani

Mwezi Julai 2021 kaseti ya Super Mario 64 ilinunuliwa mnadani Marekani kwa dola milioni 1.56. Mwezi uliofuata nakala ya Super Mario Bros. ikauzwa dola milioni 2. Tangu habari hizo zienee, anayekuta kaseti ya gemu kwenye boksi la vitu vya zamani nyumbani kwao huanza na swali moja: hii nitaiuza bei gani? Nakushauri uliweke kando swali hilo. Kaseti hizo mbili hazikuwahi kuchezwa na mtu. Zilikuwa ndani ya maboksi yake, nailoni ya kiwandani haijachanika, zimekaguliwa na kupewa maksi za juu na kampuni inayofanya kazi hiyo. Super Mario Bros. yenyewe si adimu hata kidogo, maana ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 40 duniani. Kilichofika dola milioni 2 ni nailoni.

Kaseti utakayoipata Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi au Zanzibar haina nailoni, mara nyingi haina boksi, na pengine lebo yake imeliwa nusu na mende. Thamani yake iko kwenye mambo unayoweza kuyathibitisha: ni ipi hasa, ndani mna nini, imepita mikononi mwa nani na miaka gani. Mwenye kaseti mia asiyejua lolote kati ya hayo ana rundo la plastiki. Mwenye kaseti kumi alizozifungua, akazipiga picha na kuziandikia maelezo, ana kitu ambacho wakusanyaji wenzake, wa hapa na wa Japani, watataka kukiona.

Basi jua kwanza unachokusanya. TV gemu iliyoingia sebuleni kwetu miaka ya 1990 kwa kawaida ilikuwa mwigo wa Famicom, mashine ambayo Nintendo walianza kuiuza Japani tarehe 15 Julai 1983. Viwanda vya Taiwan, na baadaye vya China bara, viliiiga na kuisambaza kwa majina ya kila aina. Urusi iliitwa Dendy, Poland Pegasus, Afrika Kusini Golden China. Umbo la kaseti lilibaki la Kijapani: fupi, pana, lenye pini 60. Nintendo walipoipeleka mashine hiyo Marekani mwaka 1985 kwa jina la NES, waliibadilisha umbo, wakaipa kaseti ndefu ya pini 72 na chipu ya kufuli ili kaseti zisizo na kibali chao zisikubali kuwaka. Kwa hiyo binamu yako wa Manchester akikuletea kaseti ya NES, haitaingia kwenye TV gemu yako mpaka upate adapta ya kati, na ya kwako haitaingia kwenye mashine yake.

Kinachofuata hapo wengine hawapendi kukisikia: karibu kaseti zote tulizochezea utotoni zilikuwa bandia. Wapo wanaozidharau kwa sababu hiyo, wakatumia mishahara yao kuagiza kaseti halisi kutoka ng'ambo. Sina ugomvi nao. Lakini kaseti halisi za Japani zimeorodheshwa, zimepigwa picha na kuandikiwa vitabu hadi zimechoka. Zile za njano, nyekundu na kijani zilizopita Kariakoo hazina aliyeziandika vya kutosha. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilitoa utafiti kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani hazipatikani tena madukani kwa njia ya halali. Huko ni Marekani, kwenye kampuni, mikataba na kumbukumbu za mauzo. Kaseti zetu hazikuwa na lolote kati ya hayo, na kitakachojulikana juu yake ni kile tutakachokiandika wenyewe.

Pa kuzitafuta ni kwa mafundi wa redio na TV. Masoko ya mitumba yana bahati yake, uvungu wa kitanda cha shangazi una yake, ila fundi mwenye miaka yake kwenye kibanda huwa na rundo la mashine mbovu ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Msalimie kwanza. Kama ni mtu mzima mpe shikamoo yake, kaa kwenye benchi, zungumzeni mengine. Kisha usiulize kaseti, uliza mashine mbovu. Watu wakipeleka TV gemu kwa fundi husahau kaseti ikiwa imechomekwa palepale, na fundi mwenyewe hakumbuki kama imo. Kaseti yangu ya karibuni niliipata hivyohivyo, kwenye mashine iliyokosa kifuniko: ya njano, lebo ina picha ya mpiganaji mwenye misuli asiyehusiana na gemu hata moja iliyomo, na chini yake maandishi yanayojigamba kuwa na gemu 9,999,999. Nilipoiwasha nilikuta Battle City, Circus Charlie, Galaxian, Road Fighter na nyingine chache. Baada ya hapo orodha inarudia zilezile, kila mara ikianzia hatua nyingine au ikikuongezea roho.

Kwa vitu halisi, angalia mitumba ya vyombo vya umeme inayotoka Japani na Ulaya. Humo hujitokeza Mega Drive, Game Boy, mara mojamoja Super Famicom. Hapa kuna suala la uungwana. Ukiona kitu ambacho unajua kina bei kubwa na muuzaji hajui, mwambie ni kitu cha maana, kisha mpatane. Utalipa zaidi kidogo. Akipata kingine atakupigia simu wewe kabla ya kukiweka mezani, na hilo lina faida kuliko ile tofauti ya elfu chache. Usimwonyeshe tu picha za minada ya Marekani, maana kuanzia siku hiyo kila kaseti sokoni itakuwa ya dola.

Ukiileta nyumbani, usiichomeke kwanza. Ifungue.

Kaseti nyingi za aina ya Famicom hazina skrubu. Zimebanwa kwa vifungo vya plastiki pembeni, na kadi ya benki iliyokwisha muda inatosha kuzibandua taratibu ukianzia upande wa pini. Za NES za baadaye, Super Nintendo, Game Boy na Mega Drive zina skrubu maalumu yenye kichwa cha mviringo. Tafuta bisibisi yake ya milimita 3.8, na ya milimita 4.5 kwa baadhi ya mashine zenyewe. Za Game Boy Advance zinataka bisibisi ya ncha tatu. Usiyeyushe mrija wa kalamu ili uugeuze bisibisi kama wanavyofundishana wengine. Utaacha plastiki ndani ya tundu, na skrubu hiyo haitatoka tena.

Ndani ndimo kaseti inamojisema. Ya kiwanda cha Nintendo au kampuni yenye leseni yake kwa kawaida ina chipu nyeusi za mstatili zenye miguu iliyolehemiwa vizuri, moja ya programu na nyingine ya picha, na mara nyingine chipu za ziada, pamoja na maandishi safi kwenye bodi. Bandia ya bei rahisi huwa na tone jeusi la gundi ngumu lililofunika chipu yote, na bodi ndogo inayochukua nusu tu ya nafasi. Katikati ya hizo mbili kuna kundi linalostahili macho yako: bandia za zamani zenye chipu halisi, bodi kubwa, wakati mwingine chipu yenye kidirisha cha kioo. Ukikuta kidirisha kimefunikwa kwa karatasi ya gundi, usiibandue. Chipu za aina hiyo hufutwa kwa mwanga wa urujuanimno, na jua letu lina mwanga huo wa kutosha. Piga picha bodi pande zote mbili, andika kila namba unayoiona, kisha rudisha kifuniko. Kumbuka pia kwamba gemu hizi ni ndogo mno kwa ukubwa: Super Mario Bros. nzima, hatua zote na muziki wake, ni kilobaiti 40. Picha ya bodi utakayoipiga kwa simu ni kubwa kuliko gemu yenyewe mara nyingi.

Ukishaiwasha, usiishie kusoma jina kwenye skrini, kwa sababu jina la bandia halina dhamana. Chukua Contra, ambayo nusu ya kizazi changu kiliimaliza. Konami waliitoa mwaka 1988 kwa matoleo mawili yasiyofanana. La Japani lilitumia chipu ya ziada iliyoiwezesha kuonyesha ramani na vipande vya hadithi kati ya hatua, majani ya msituni yakitikisika, na dhoruba ya theluji ikipita kwenye hatua ya barafu. La Marekani halina hayo. Bandia zilinakiliwa kutoka pande zote mbili. Kwa hiyo tazama majani kwenye hatua ya kwanza: yakitikisika, kaseti yako ina asili ya Kijapani, na hilo ni jambo la kuandika. Vivyo hivyo kwa Tank 1990, ambayo ni Battle City ya Namco ya mwaka 1985 iliyochokonolewa na watu wengine wakaibadilisha jina na kuongeza mambo yao. Ipo pia Somari ya mwaka 1994, ambamo Mario amewekwa ndani ya gemu ya Sonic bila ridhaa ya wenye Mario wala wenye Sonic. Vitu hivi vina wapenzi wake duniani, na wao hawavitafuti kwa sababu ni halisi.

Kuhusu kusafisha, najua kila mmoja wetu alipuliza. Kaseti ikigoma, unaichomoa, unapuliza pini kwa nguvu, unachomeka, inawaka. Kilichosaidia si pumzi. Ni kule kuchomoa na kuchomeka tena, ambako kuliifanya pini iguse sehemu nyingine. Mate yaliyobaki yaliendelea kula shaba polepole, na Nintendo wenyewe walikuwa wakiwaonya wateja waache. Nunua spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, chovya pamba ya masikio, sugua pini kwa urefu wake mpaka pamba itoke safi, acha ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Spiriti ya kuchulia inayonukia dawa ya misuli haifai; ina mafuta, na mafuta hayo yatabaki kwenye pini. Msasa usiuguse kabisa. Pini nyingi zimepakwa dhahabu nyembamba mno, ukiikwangua umeikaribisha kutu. Kaseti ikikataa baada ya kusafishwa, shuku mashine kabla ya kuishuku kaseti, hasa tundu la kuchomekea, ambalo hulegea kwa miaka.

Umeme umeua mashine nyingi kuliko mende. Famicom halisi inataka umeme wa moja kwa moja wa volti 10, hasi ikiwa katikati ya plagi. NES ya Marekani hutumia adapta ya volti 9 inayotoa umeme geu, na ukiichomeka hiyo kwenye Famicom unaweza kuichoma siku hiyohiyo. Adapta za Japani nazo zimetengenezwa kwa volti 100 za ukutani, wakati ukuta wetu unatoa 230 au 240. Kabla ya kuchomeka chochote kilichotoka mitumbani, geuza adapta, soma namba, halafu pima kwa mita upande gani ni hasi. Kama hujui kupima, rudi kwa yule fundi. Atakupimia dakika moja, na pengine atakumbuka mashine nyingine aliyo nayo stoo.

Zipo kaseti zenye betri ndani. The Legend of Zelda iliyotoka Marekani mwaka 1987 katika kaseti ya rangi ya dhahabu ilihifadhi mchezo kwa betri bapa, na Pokémon za Game Boy nazo hivyohivyo. Pokémon Gold na Silver zina saa ndani inayokula betri mchana na usiku, ndiyo maana nyingi zimekufa mapema kuliko Red na Blue zilizozitangulia. Ruby na Sapphire za Game Boy Advance ni kisa kingine: betri ikiisha saa husimama, lakini mchezo uliouhifadhi unabaki. Kwa zile za zamani, ukichomoa betri unafuta kila kitu, na huenda unachokifuta ni mchezo wa mtoto aliyekuwa nao mwaka 1999. Kuna vifaa vidogo vya kusomea kaseti vinavyoweza kunakili hifadhi hiyo kwanza. Tafuta aliye navyo. Betri mpya iwe na vibati vyake tayari. Kulehemu juu ya betri tupu ni hatari, inaweza kupasuka usoni.

Kwenye kuhifadhi sina mengi. Ziwekeni mbali na jua, maana plastiki nyeupe huwa njano. Msifunge kaseti kwa mpira wa pesa, huyeyuka na kushika lebo. Wa pwani, hewa yenu ina chumvi: tumia boksi la plastiki linalofunga vizuri na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Naftalini inafukuza mende kweli, ila mvuke wake huharibu baadhi ya plastiki, kwa hiyo isiingie humo.

Sasa uwaonyeshe wenzako. Picha nyingi za kaseti ninazoziona zinanionyesha zulia, vidole vya mwenye kaseti na mng'ao wa taa juu ya lebo. Weka kaseti karibu na dirisha asubuhi, zima taa ya simu, piga mbele, nyuma, ukingo wa pini, bodi pande mbili, na skrini ya kwanza. Kama ni kaseti ya gemu nyingi, rekodi video ya orodha ikishuka hadi inapoanza kujirudia. Hapo mtu wa Muscat au Bujumbura anaweza kuilinganisha na yake bila kukuuliza swali. Kisha andika maelezo, ukitenganisha ulichokiona na ulichoambiwa. "Bodi ina tone la gundi, orodha ina gemu saba" ni ulichokiona. "Mwenyewe anasema ilinunuliwa Dubai, mwaka aliomaliza darasa la saba" ni ulichoambiwa, na kina maana kubwa, ila kiandike hivyohivyo kama maneno yake. Mtaa au mji unatosha. Jina la aliyekuuzia, duka lake na simu yake vibaki kwako.

Neno "adimu" lipumzishe. Aliyeona kaseti thelathini hawezi kujua ni ipi adimu. Na bandia iite bandia, hasa unapoiuza au kubadilishana. Kwa Pokémon za Game Boy Advance watu hudanganyana kila siku, na kukagua si kazi ngumu: halisi ina tarakimu ndogo zilizogandamizwa kwenye lebo kama alama ya ukucha, na ukichungulia juu ya pini utaona jina la Nintendo kwenye bodi. Hakimiliki za gemu hizi nazo zina wenyewe hadi leo. Kujua kilichomo kwenye kaseti yako ni jambo moja, kugawa nakala zake ni jambo jingine.

Utakuta majina. Watoto waliandika majina yao kwa makapeni nyuma ya kaseti, kwa sababu ziliazimwa nyumba kwa nyumba na zisingerudi bila hivyo. Wakusanyaji wa ng'ambo huyafuta kwa spiriti ili kaseti ionekane mpya. Mimi nasema yaache. Jina na darasa la mtoto ndiyo hati pekee inayosema kaseti hii ilichezwa wapi. Unapopiga picha, lifunike kwa kipande cha karatasi, maana mwenyewe sasa ni baba wa watu na hakukuomba umtangaze.

Ukipata mbili zinazofanana kwa lebo, usigawe moja kabla hujalinganisha bodi zake. Viwanda vile vilibandika lebo iliyopo juu ya bodi iliyopo, na mapacha wa nje mara nyingi si ndugu kabisa ndani. Zikithibitika kuwa sawa, ya pili mpe anayeanza.

Na mtaani kwenu wakitupa TV ya chogo inayowaka, ichukue, hata ikibidi kukodi bajaji. Usiifungue nyuma, mna umeme mkali unaobaki hata ikiwa imezimwa. Kaseti zako zitawaka kwenye TV bapa pia, kwa waya wa AV, isipokuwa zile za bunduki. Bunduki ya Duck Hunt hufanya kazi kwa kunasa mmweko unaochorwa na chogo papo hapo unapofyatua. TV bapa huchelewesha picha kidogo, na kuchelewa huko kunatosha bata wote kuondoka wazima.